Watoto wa Wazazi Waliotengana, na Njia ya Mahakama ya Watoto

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Ngara



Halmashauri iliponiagiza niandae maneno juu ya watoto ambao wazazi wao wametengana, nilidhani nimepewa heshima. Baadaye nilifahamu kuwa nimepewa deni nililipe. Wengi wenu mwaijua habari ya barua ile, na wasioijua wataisikia sasa, maana si vema jambo lililotuaibisha lifichwe katika taarifa ya mwaka, hali hesabu za rambirambi twaziandika hadi shilingi ya mwisho.

Mwanachama mmoja, mkaaji wa hapa hapa Ngara, aliachana na mkewe. Walikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita, ambaye alibaki na mama yake na kusoma shule iliyo karibu. Baba alileta shauri mbele ya wazee. Wazee walikaa, wakauliza kama mahari ilitolewa, wakaambiwa ilitolewa yote, wakakata shauri kwamba mtoto ni wa ukoo wa babake na aende kwa nyanya yake bara. Hapo nikaagizwa kuandika barua. Niliipiga chapa vizuri, nikatia muhuri wa chama, nikaandika kwa wino tarehe na namba ya faili. Baba aliichukua barua ile hadi shuleni siku ya Ijumaa, mwalimu akauona muhuri, akamtoa mtoto. Jioni ile ile mtoto alikuwa ndani ya basi.

Mama yake alikwenda kwa ofisa wa watoto, kisha Mahakama ya Watoto kule Milimani. Hakimu alitoa amri mtoto arudishwe kabla hata shauri lenyewe halijasikilizwa. Barua yetu ilisomwa mahakamani. Hakimu aliuliza jambo moja tu: je, hao walioandika walimsikia mama? Baba akajibu kwamba hakuitwa, kwa kuwa yeye si mwanachama. Kijana yule alipoteza karibu mwezi mzima wa masomo, na aliporudi alikuwa hataki kutoka nje ya nyumba bila kumshika mama yake nguo. Barua ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu na kwa kiburi cha karani anayependa karatasi iliyonyooka. Kwa hiyo nisimamapo hapa sisimami kama mtu wa kuwafundisha wazee. Nimesoma, nimeuliza kwa wanaojua, na nimekuja kuwaeleza niliyoyapata. Mimi si wakili. Mwenye shauri zito na amwendee wakili.

Kwanza yafaa tujue kwamba sheria hii haikuzuka jana. Wako wanaosema kuwa mambo ya haki za mtoto yameletwa na Katiba mpya. Kumbe tangu mwaka 1959, siku za serikali ya kikoloni, palikuwa na sheria ya ulezi wa watoto wadogo iliyomtaka hakimu kutazama kwanza kabisa faida ya mtoto. Mwaka huo huo ilitungwa sheria nyingine iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto matunzo. Sheria hii ya pili ilifutwa na Bunge letu mwaka 1969, baada ya waheshimiwa kulalamika kwamba wanawake wanaitumia vibaya. Tangu hapo, kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, mama asiye na ndoa alibaki na mtoto wake na mzigo wake. Hata Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002, ilimwekea mama huyo wajibu wa kwanza, na baba akawa mtu wa kuingia kwa mapatano au kwa amri ya mahakama. Akina baba waliofurahia jambo hilo hawakutambua kwamba aliyeondolewa mzigo ameondolewa na haki pia.

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyofunga mlango huo. Kifungu cha 53 chasema kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na kwamba baba na mama wana wajibu ulio sawa wa kumkimu, wawe wameoana au hawakuoana. Tena chasema kwamba katika kila jambo lihusulo mtoto, faida ya mtoto ndiyo iliyo kuu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, imeyarudia hayo kwa maneno yaliyo wazi zaidi: hakuna mzazi aliye na haki ya kumpita mwenzake, wala haidhuru mtoto amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Nawaombeni wazee mlikumbuke neno hilo, kwa kuwa barua yangu ililivunja katika mstari wake wa kwanza.

Sasa nije kwenye maneno ambayo sisi huyachanganya tukikaa barazani. Sisi husema, "Mtoto ni wa nani?" Mahakama haiulizi hivyo. Wajibu wa mzazi ni kitu kimoja, nao hukaa kwa wazazi wote wawili hata kama hawasalimiani: kumpa mtoto chakula, mavazi, makao, shule, matibabu, jina, na uongozi wa dini na mwenendo. Malezi ni kitu kingine, yaani mtoto alale wapi, na nani amwamshe asubuhi kwenda shule. Mahakama yaweza kumpa mzazi mmoja malezi ya kila siku na kuwaachia wote wawili sauti katika mambo makubwa, kama vile kubadili shule, kupasuliwa hospitalini, au kutolewa nje ya nchi. Tena kuna haki ya mzazi asiyekaa na mtoto kumwona na kukaa naye kwa zamu, nayo matunzo ya fedha husimama peke yake. Mtu apewapo malezi hajapewa mtoto kama mtu anavyopewa shamba na hati yake.

Juu ya watoto wadogo, majaji wetu wamekuwa na desturi ya muda mrefu. Mtoto aliye chini ya miaka kumi, kwa kawaida, hukabidhiwa mama, isipokuwa pana sababu kubwa ya kukataa. Mahakama ya Rufani ilishika hivyo mwaka 1981, ikarudia mwaka 2016, na katika hukumu hiyo ya pili ilitaja mifano ya sababu hizo: kama vile mama hana makao ya kutulia, au anaishi mahali pabaya mno, au mwenendo wake ni wa aibu. Lakini baba asidhani kwamba mlango umefungwa. Hakimu hupima kila shauri kwa hali yake, na kwa kuwa Katiba imewafanya wazazi kuwa sawa, baba aliyekuwa akimpeleka mtoto kliniki na kumsomesha jioni ana neno la kusema, na wako akina baba waliopewa malezi. Asiye na neno ni yule anayekumbuka jina la mwalimu wa mtoto siku ya kuapa tu.

Mzee mmoja, ambaye namheshimu kama baba yangu, aliniuliza nyumbani kwake: "Na mahari je? Tumetoa ng'ombe bure?" Swali hili lina haki ya kujibiwa. Sheria haikuifuta mila. Desturi za jamii ya mtoto, pamoja na dini yake, ni miongoni mwa mambo ambayo hakimu hutakiwa kuyatazama. Huyatazama pamoja na mengine: tabia ya kila mzazi na matakwa yake, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa umri wake wamwezesha kuyasema, na kama mtoto ameumizwa au yamkini ataumizwa. Mila imo katika mizani, ila haiwezi kuishinda faida ya mtoto. Ama mahari, ni mapatano ya watu wazima. Wakitaka kudaiana ng'ombe, na wadaiane; mtoto si rehani ya deni hilo. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba hata zamani mzee mwenye akili hakumtoa mtoto anyonyaye kwa mamaye ati kwa sababu ya ng'ombe. Nilimshukuru, kwa kuwa hilo silo nililotazamia kusikia.

Mtu afanye nini basi? Aanze kwa ofisa wa watoto. Sisi wa Ngara, Pangani na Kariokor tumo katika Starehe, na ofisa wetu ni wa huko. Wanachama wakaao Kangemi wamo Westlands, na wa Kawangware wako upande wa Dagoretti. Kila mmoja aende kwa ofisa wa mahali akaapo mtoto. Huduma hiyo haina malipo, na mtu yeyote atakayewaambia mtoe "kitu kidogo" ili faili lisogee hasemi kwa niaba ya sheria. Ofisa humwandikia mzazi wa pili barua ya wito, huwasikiliza wote wawili, na wakipatana huandika mapatano ya wajibu wa wazazi: mtoto akae wapi, nani alipe karo na nani anunue vitabu, sikukuu zigawanywe vipi, mtoto akiugua usiku nani apigiwe simu. Wazazi hutia sahihi.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo watu wetu wengi wanapoangukia. Karatasi ile ikibaki ndani ya sanduku la nguo, ni karatasi njema, lakini mmoja akiivunja mwenzake hana la kufanya ila kuanza upya. Ikipelekwa mahakamani na hakimu akaikubali, huwa amri ya mahakama, na avunjaye amri ya mahakama anajua aendako. Nimeona mapatano matatu ya wanachama wetu mwaka huu, yameandikwa vizuri, mawili yakiwa na mashahidi, na hata moja halikupelekwa kokote.

Wasipopatana, au mmoja akikataa kuitika wito, njia ni Mahakama ya Watoto. Hati za madai siku hizi huingizwa kwa mtambo. Nairobi ilianza kupokea hati kwa njia hiyo Julai 2020, na asiyejua asione haya kuomba msaada. Achukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati za shule, risiti za hospitali, na hesabu ya matumizi ya mwezi mmoja iliyo ya kweli. Nasema ya kweli kwa sababu nimeona hesabu ya mama mmoja iliyomfanya mtoto wa miaka minne ale nyama kuliko askari wa jeshi, na nimeona pia hati ya kiapo ya baba mmoja mwenye vibanda viwili hapa sokoni, akiapa kwamba hana mapato. Hakimu huwasoma wote wawili. Anayelipa na alipe kwa njia iachayo alama, kwa benki au M-Pesa, au moja kwa moja kwa shule, na atunze risiti. Fedha iliyopitishwa mkononi mbele ya kituo cha matatu haina shahidi.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa, niongeze neno. Zamani, jina la baba asiye na ndoa na mama halikuandikwa katika cheti isipokuwa wote wawili waombe pamoja. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016, kwa hukumu ya Jaji Mumbi Ngugi, kwamba sharti hilo lapingana na Katiba. Baba akikana mtoto, mahakama yaweza kuamuru apimwe damu.

Shauri likiwa mahakamani, hakimu mara nyingi humwagiza ofisa wa watoto kuzitembelea nyumba zote mbili na kuandika taarifa. Ofisa akija, usikodi viti vya jirani. Yeye anatazama kama mtoto ana mahali pa kulala, nani humpikia, na kama anamkimbilia mzazi au anamkimbia. Shauri lenyewe husikilizwa faraghani, na jina la mtoto halitangazwi. Huenda hakimu akawapeleka kwanza kwa mpatanishi wa mahakama, ambaye hupewa siku sitini kuimaliza kazi yake. Na mambo mengi ya watoto huweza kwisha huko, kwa kuwa watu wakikaa meza moja bila ya wakili na bila ya ndugu wa pande mbili, hukumbuka kwamba walipendana zamani. Asiyeridhika na hukumu aweza kukata rufani kwa Mahakama Kuu. Hali ikibadilika, kama vile baba kupoteza kazi au mama kuhamia mji mwingine, aweza kurudi kuomba amri igeuzwe. Asikae kimya akaacha deni lirundikane, maana mahakama yaweza kumwagiza mwajiri akate mshahara, na mwenye uwezo akaidiye kulipa aweza kufungwa.

Wasio na fedha za wakili wasikate tamaa. Kituo cha Sheria kimekuwa kikisaidia maskini tangu mwaka 1973, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, tangu 1985. Tena kuna huduma ya msaada wa sheria ya serikali iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Namba ya simu ya kumwokoa mtoto ni 116, nayo haitozi malipo.

Jambo moja nimelisikia kwa pande zote mbili hata nimechoka nalo. Mama asema, "Halipi, basi hamwoni." Baba asema, "Simwoni, basi silipi." Mahakama haikubali neno hata moja kati ya hayo mawili. Chakula cha mtoto hakingoji ruhusa ya kutembelewa, na haki ya mtoto kumjua babake hainunuliwi kwa karo. Akina mama, mnisamehe, lakini wako wanaomhamisha mtoto shule kwa siri ili baba ampoteze, na hilo ni kosa lile lile nililolifanya kwa muhuri. Na akina baba, kumpa mtoto simu ya bei kubwa siku ya kumtembelea hali karo haijalipwa si malezi.

Pana nyumba ambazo mapatano hayafai kabisa. Penye kupigwa, kutishwa, au mtoto kuguswa vibaya, wazee wasiwaweke watu hao chumba kimoja ati wasameheane. Sheria ya kuzuia dhuluma za nyumbani ya mwaka 2015 yampa aliyedhulumiwa njia ya kuomba amri ya kulindwa. Kazi yetu hapo ni kumsindikiza hospitali na polisi, na kumtafutia pa kulala.

Mtauliza basi, kuna kazi gani iliyobaki kwa wazee? Ipo, na Katiba yenyewe imeitaja. Kifungu cha 159 chaziagiza mahakama kuendeleza njia nyingine za kumaliza mashauri, pamoja na za jadi, ilimradi zisivunje haki za watu wala kwenda kinyume cha haki na uadilifu. Wazee wanajua mambo ambayo hakimu hawezi kuyajua: nani ni mlevi na nani amesingiziwa, nyanya yupi ana nguvu za kulea na yupi ni mgonjwa, ugomvi ulianzia wapi. Wapatanishapo, wapatanishe. Ila nawasihi, na halmashauri imekubali niyatamke haya kama pendekezo la kupigiwa kura leo: kwamba asisikilizwe mzazi mmoja bila ya mwenzake kuitwa, awe mwanachama au asiwe, kwamba tusiandike kamwe mtoto aende wapi, bali tuandike tu yale ambayo wazazi wote wawili wameyakubali, kisha tuwapeleke kwa ofisa wa watoto, na kwamba muhuri wa chama usitiwe katika barua yoyote iendayo shuleni. Tangu siku ile, muhuri hukaa katika kisanduku cha mweka hazina, na mimi sina ufunguo. Niliomba iwe hivyo mwenyewe.

Wengi wameniuliza habari za mtoto yule. Anakaa na mama yake. Baba yake humchukua kila Jumamosi ya pili, na hukabidhiana nyumbani kwa mama yake mdogo kule Pangani. Hapo mwanzo walikuwa wakikutana kwenye mzunguko wa Globe, katikati ya kelele za matatu, na mtoto alikuwa akilia kila mara. Ofisa ndiye aliyewashauri wabadili. Karo hulipwa na baba moja kwa moja kwa shule, na muhula uliopita aliniletea risiti niione, bila ya mimi kumwuliza. Nilikwenda kwa mama yake kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, akanisikiliza, akaniambia kwamba amenisamehe mimi, lakini wazee walioketi siku ile hawajaja.

Pendekezo limechapwa, nalo liko mezani kwa Bwana Mwenyekiti. Wenye mashauri ya watoto watanikuta hapa kila Jumatano baada ya saa kumi na moja jioni. Walete cheti cha kuzaliwa na risiti walizo nazo, nami nitawasaidia kuzipanga kabla hawajakwenda kwa ofisa.